Roboti ya nyasi imegoma: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Aprili ikiingia, karakana ninayofanyia kazi kusini mwa Sweden hujaa roboti za kukatia nyasi, zimelazwa kwenye buti za magari kama wagonjwa wanaopelekwa zahanati. Wenyewe wana neno moja tu: "Imekufa." Nyingi hazijafa. Zina njaa, zimejaa uchafu, au waya wao wa mpaka, ule unaozunguka bustani ardhini, umekatwa na jembe la mwenye nyumba mwenyewe, aliyepanda waridi Septemba akasahau.

Mashine hizi si ngeni huku. Kampuni ya hapa, Husqvarna, ilitoa yake ya kwanza, iliyotumia mwanga wa jua, mwaka 1995, kwa hiyo kukuta roboti ya miaka kumi bado inazunguka si kioja. Kwa niliyoyaona mezani, inayofika umri huo haikufikishwa na mota wala visu. Imefikishwa na vitu viwili: maji hayakuingia ndani, na betri yake bado inauzwa. Mengine mengi nitakayoeleza hapa yanatengenezeka nyumbani kwa bisibisi, mita ya umeme na subira.

Kabla hujagusa chochote, zima swichi kuu. Visu vya mashine hizi ni vidogo na vyembamba kama wembe, vinaning'inia kwenye sahani inayozunguka, na vinakata kidole bila mota kuwaka. Vaa glavu.

Haiwaki kabisa baada ya kulala msimu mzima

Swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: ililala wapi, na ikiwa na chaji kiasi gani? Betri ya lithiamu hujimaliza polepole hata ikiwa imezimwa. Ukiiingiza stoo Oktoba ikiwa karibu tupu, Aprili utakuta imeshuka chini ya kiwango inachovumilia, na bodi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani yake imejifunga. Kituo cha kuchajia kikiiangalia hakioni betri, kwa hiyo hakiipi kitu.

Lakini anza na kituo chenyewe. Soketi ya nje hukaa kwenye baridi na unyevu miezi kadhaa, na mara nyingi swichi ya kinga ya umeme imejiangusha bila mtu kujua. Soma volti zilizoandikwa kwenye adapta, kisha pima kama ndizo zinazotoka. Halafu tazama vile vibati viwili vya chaji, kwenye kituo na kwenye roboti. Vikiwa vyeusi au vya kijani, visugue kwa msasa laini hadi ving'ae. Nimewahi kumrudishia mama mmoja mashine yake baada ya dakika tatu za msasa; aliniangalia kwa mashaka, kama fundi aliyemficha kitu.

Umeme ukiwa sawa, fungua kifuniko cha betri upime. Betri ya volti 18.5, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mashine za bustani ndogo, ina seli tano zilizofuatana. Ikijaa inafika volti 21. Ukisoma 16 au 17, ina njaa tu: irudishe, iweke kituoni uiache usiku kucha. Ukisoma chini ya 12, seli zimeumia, na hata ikikubali chaji haitadumu. Ukisoma sifuri, ulinzi umejifunga. Kuna watu huiamsha kwa kuiunga na betri nyingine dakika chache. Mimi sifanyi hivyo, na nikijua umefanya, betri hiyo haipandi mezani kwangu. Seli ya lithiamu iliyoshushwa sana kisha ikalazimishwa chaji inaweza kuwaka moto wiki mbili baadaye, usiku, ukutani mwa nyumba yako.

Mwaka huu ukiilaza, ijaze kwanza, izime kwa swichi kuu, iweke mahali pakavu pasipoganda. Ndiyo dawa yote.

Inasema hakuna mawimbi ya mpaka

Hili ndilo tatizo nambari moja kwa mashine za waya.

Kituo kinapeleka mawimbi dhaifu ya umeme kwenye waya uliozunguka bustani na kurudi pale pale ulipoanzia. Roboti ina koili zinazosikiliza mawimbi hayo, na kwa kuyasikia inajua iko ndani au nje. Waya ukikatika mahali pamoja tu, mzunguko wote unanyamaza, na mashine inasimama katikati ya nyasi kama mbuzi aliyepoteza mchungaji.

Tazama taa ya kituo kwanza. Kwenye Automower nyingi za Husqvarna, kijani isiyopepesa ni salama. Bluu inayopepesa maana yake waya umekatika. Nyekundu isiyopepesa ni bodi ya kituo chenyewe. Chapa nyingine zina rangi zao, zimo kwenye kitabu. Taa ikisema salama lakini roboti bado inalalamika, usianze kuchimba: huenda kituo kilibadilishwa, au jirani naye amefunga mashine ya aina hiyo hiyo. Ipeleke kituoni, tafuta kwenye menyu sehemu ya kuunda mawimbi mapya ya mpaka, wafahamiane upya.

Taa ikisema umekatika, chomoa ncha mbili za waya wa mpaka kituoni, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima ncha kwa ncha. Waya mzima huonyesha omu chache. Mita isipoonyesha kitu, umekatika kweli. Sasa, wapi? Bustani ina mita 200 za waya uliofunikwa na nyasi.

Hapa ndipo waya wa mwongozo, ule unaopita katikati kumrudisha roboti nyumbani, unapogeuka kuwa rafiki. Umeungwa na waya wa mpaka upande wa mbali, kwa hiyo umeugawa mzunguko vipande viwili. Chomoa nao pia. Pima kati ya ncha ya kushoto ya mpaka na waya wa mwongozo. Kisha ncha ya kulia na mwongozo. Upande usiosomeka ndio wenye jeraha. Kwa dakika mbili umepunguza kazi nusu bila kung'oa hata kigingi kimoja. Pande zote mbili zikikataa, mshuku mwongozo wenyewe, au ile sehemu ulipoungwa.

Ukishajua upande, tembea. Usianzie kwenye nyasi safi, anzia pale mkono wa mtu ulipopita: ukingo wa maua uliochongwa upya, mti uliopandwa, tundu la nguzo ya uzio, njia ya mfereji. Fuko na panya nao hutafuna. Kwa mifumo kadhaa, redio ndogo ya AM inasaidia: iwashe mahali pasipo na stesheni, ishushe karibu na waya huku kituo kikiwa na umeme, na utasikia mlio wa kukoroma. Unapokufa ghafla, piga magoti hapo. Haifanyi kazi kwa kila chapa, kwa hiyo usiilaumu redio.

Sasa maungio. Wiki iliyopita niliitwa kwa waya uliokuwa "unakatika mvua ikinyesha, unapona jua likitoka". Nilichimba pale palipokuwa na kivimbe, nikatoa fundo la tepu nyeusi ya umeme. Nilipolikata kwa kisu, maji ya kahawia yalitiririka kwenye kidole gumba. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi tatu tu kati ya zote ndizo zilizokuwa zimeshikana. Aliyeliunga alisokota waya vizuri, akafunga tepu vizuri, lakini tepu haizuii maji yaliyo ardhini, inayafungia ndani. Waya wa mpaka unaungwa kwa viunganishi vidogo vyenye grisi ndani, unavyovibana kwa koleo hadi grisi itoke pembeni. Bei yake ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Kata sentimita kadhaa kila upande hadi uone shaba inayong'aa, na ukikosa urefu ongeza kipande cha waya. Usiuvute, maana uliovutwa utakatika baridi ya kwanza.

Inafanya kazi dakika ishirini, inarudi kuchaji

Kila mtu anakimbilia betri. Ngoja kwanza. Geuza mashine utazame visu. Vilivyo butu havikati, vinachana, na mota inakula umeme zaidi kwa kazi ile ile. Ushahidi uko kwenye nyasi: ncha zimechanika, zina rangi ya kahawia, na bustani yote inaonekana imefifia ukiitazama kutoka dirishani. Badilisha visu vyote pamoja, na skrubu zake pia, kwa sababu kichwa cha skrubu kilicholika ndicho humrushia mtu kisu. Hakikisha kila kisu kinaning'inia huru. Kimoja kikikwama kwa uchafu, sahani inayumba na beringi ya mota inaanza kulia.

Visu vipya, nyasi fupi, na bado dakika ishirini? Basi ni betri. Usidanganywe na mita: betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 20 ikiwa imepumzika na ikaanguka hadi 15 mota ikianza kuvuta. Ipime roboti ikiwa kazini, kama modeli yako inaonyesha volti kwenye menyu.

Inazunguka pale pale, au inasema imeinuliwa wakati iko chini

Ganda la juu la roboti halijafungwa imara. Linaelea juu ya vishina vya mpira, na chini yake kuna sumaku na sensa zinazosoma likisogea. Likigonga mti, sumaku inahama, mashine inarudi nyuma. Sasa nyasi zilizokatwa zikijazana kati ya ganda na mwili, ganda linabaki limesukumwa, na roboti inaamini inagonga kitu kila sekunde. Ng'oa ganda, safisha kwa brashi kavu, angalia vishina kama vimepasuka. Mara tisa kati ya kumi kazi inaishia hapo.

Ikiwa inavuta upande mmoja tu, tazama gurudumu la nyuma la upande huo. Nyasi zenye unyevu hujisokota kwenye ekseli hadi zinakuwa ngumu kama kamba ya katani. Zitoe kwa kisu. Gurudumu likiendelea kulemaa, mota au gia yake imeanza kuingiza maji, na hiyo ni spea ya kununua.

Maji

Hapa ndipo roboti hufia kweli.

Mwezi wa Juni kijana mmoja alileta yake iliyokuwa inawaka, inazima, inawaka tena. Akaniambia anaitunza sana, anaiosha kila Jumamosi kwa mashine ya shinikizo. Niligeuza, nikafungua skrubu za chini moja moja. Gasketi, ule uzi wa mpira unaozunguka ukingo, ulikuwa umebanwa ukawa bapa kama tambi iliyokanyagwa, na pembe ya kushoto ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake. Kutoka pembe hiyo mstari mwembamba wa matope makavu ulishuka hadi kwenye bodi, ukaishia kwenye plagi ya mota ya gurudumu. Pini mbili zilikuwa za kijani, ya tatu haikuwepo, imelika yote. Maji hayakuficha njia yaliyopita.

Nilisafisha bodi kwa spiriti na mswaki, nikabadilisha plagi kwa kulehemu, nikaweka gasketi mpya, ikapona. Lakini nilipopiga simu kwa msambazaji kuulizia bodi nyingine endapo hii ingekataa, niliambiwa haiuzwi peke yake, anunue mashine mpya. Mashine ya miaka minne.

Kwa hiyo: brashi na kitambaa, kamwe si shinikizo. Mifano mipya michache inaruhusu mpira wa bustani, soma kitabu chako. Na kila ukifungua sehemu iliyozibwa, weka gasketi mpya. Ya zamani haibani mara ya pili. Hili hata mafundi wengine hulipuuza, kisha wanashangaa mashine ikirudi vuli.

Zisizo na waya

Roboti za setilaiti hazina waya wa kukatika, ila zina matatizo yake. Zinapokea mawimbi ya setilaiti na masahihisho kutoka antena ndogo iliyosimama bustanini, na hivyo zinajua zilipo kwa sentimita chache. Zikisimama kila mara chini ya mti ule ule, si ugonjwa, ni anga limefunikwa. Mti uliokuwa mtupu Machi una majani Juni. Zikianza kukata nje ya mstari kwa kiasi kile kile, kuelekea upande ule ule kila mahali, antena imehama. Upepo, mtoto na mpira, au fundi wa paa. Irudishe mahali pake hasa, au chora ramani upya.

Kitu kingine: nyingi kati ya hizi zinategemea seva ya kampuni. Kampuni ikifunga duka, utakuwa na mashine nzima isiyo na akili. Ndiyo sababu mtu akiniuliza kuhusu chapa mpya kabisa yenye bei nzuri, namwuliza yeye: miaka mitano ijayo nani atakujibu simu? Hata makampuni makubwa hubadili nia. iRobot ya Marekani ilitangaza roboti yake ya nyasi, Terra, Januari 2019, ikaisimamisha 2020 kabla hata haijauzwa. Robomow iliyozaliwa Israeli ilinunuliwa na MTD mwaka 2017, na MTD yenyewe ikamezwa na Stanley Black & Decker mwishoni mwa 2021. Kila mlango mpya ni orodha mpya ya spea.

Inakata vizuri ila simu haiioni

Kama ilikuwa inaunganishwa kwa laini ya simu, ulizia mtandao. Moduli za zamani zinatumia 2G au 3G, na nchi nyingi zinazima mitandao hiyo. Australia ilizima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024. Mashine ni nzima, moduli ndiyo imebaki bila wa kuongea naye. Wengine huuza moduli mpya, wengine hapana. Bluetooth ya karibu huendelea kufanya kazi.

Umenunua ya mtumba na inadai namba ya siri

Kama bado hujalipa, usitoe pesa kabla muuzaji hajaiwasha mbele yako, akaingiza namba, na akaiondoa kwenye akaunti yake. Roboti nyingi za "bei poa" mtandaoni zimeibwa, na kufuli hilo liliwekwa kwa ajili hiyo. Ukiwa na risiti, wakala aliyeidhinishwa anaweza kuifungua. Bila risiti hata mimi nitakuuliza maswali. Kumbuka pia kwamba kwenye chapa kadhaa bodi mpya au kituo kipya lazima vioanishwe kwa programu ya wakala. Ukinunua bodi peke yako mtandaoni, unaweza kuifunga vizuri na ikakukatalia.

Utengeneze au uache?

Visu, magurudumu, waya, betri, vishina vya ganda: tengeneza bila kufikiria. Mota ya gurudumu: tengeneza kama mashine haijapita miaka minane hivi na spea ipo. Bodi kuu: linganisha bei na ya mashine mpya, ikizidi nusu, acha, lakini chukua magurudumu, mota na ganda kwa ajili ya mwenzake.

Sheria nayo inasaidia, si sana. Katika Umoja wa Ulaya una angalau miaka 2 ya kulalamikia kasoro ya bidhaa mpya, na Sweden ni miaka 3, kwa hiyo tunza risiti. Ile sheria ya haki ya kutengenezewa, Agizo 2024/1799 linaloanza kutumika 31 Julai 2026, inataja mashine za kufulia, friji, simu na vinginevyo. Roboti za nyasi hazimo kwenye orodha hiyo. Yenye uzito kwetu ni kanuni ya betri: kuanzia 18 Februari 2027, betri ndogo za vifaa zitapaswa kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, na kuuzwa kama spea kwa miaka 5 baada ya modeli kuondoka sokoni. Kuna msamaha kwa vifaa vya kuoshwa kwa maji, ambavyo betri yake itaachiwa fundi, na nasubiri kuona watengenezaji wangapi watajificha humo. Dukani, uliza maswali mawili tu: betri inatoka kwa skrubu ngapi, na inauzwa peke yake kwa bei gani leo? Muuzaji akijikuna kichwa, toka.

Ukiisafirisha nyumbani

Naulizwa hili na ndugu wanaopakia kontena. Binamu yangu wa Limuru, kule Kenya, anayo moja niliyomtumia, na imenifundisha mambo ambayo Sweden haikunifundisha. Nyasi ya kikuyu haiombi ruhusa: wakati wa mvua inatambaa na kuufunika waya kwa wiki chache, jambo zuri, lakini ukiiacha siku kumi bila kukata inakuwa zulia linalokwamisha sahani ya visu. Ifyeke kwanza kwa mashine ya kawaida, ndipo umwachie roboti kazi ya kila siku. Hakuna baridi ya kuilaza, kwa hiyo betri inafanya kazi mwaka mzima na itachoka mapema, tuma mbili. Umeme ukikatika, kituo kinanyamaza na roboti inasimama ilipo, hata kama mvua inakuja. Fuko wa huko hutafuna waya kwa bidii kuliko wa huku, kwa hiyo pakia mita 50 za ziada na viunganishi kiganja kizima.

Na radi. Waya wa mita 200 uliozunguka kiwanja ni antena nzuri kabisa. Binamu alipoteza bodi ya kituo usiku mmoja wa Aprili, roboti yenyewe ikiwa imelala salama pembeni. Siku hizi akisikia ngurumo anatoka na mwavuli, anachomoa adapta ukutani na zile ncha za waya kituoni, zote mbili, kisha anarudi ndani kumalizia chai.